Msimu Tuliomrudisha Feza Kabambare

28 Septemba

Mvua imeanza jana kwa fujo, ikang'oa bati moja la jiko letu hapa Kasongo. Leo, wakati Iliasi alikuwa juu akiligongomelea, mwalimu wa Malaika amenisimamisha njiani. Amesema mtoto hanakili tena kutoka ubaoni, ananakili kutoka daftari la jirani yake. Amemhamishia benchi la mbele na bado haoni.

Malaika ni mtoto wa pekee wa kaka yangu Iliasi. Ana miaka kumi na miwili, na ugonjwa wa sukari umemshika tangu akiwa na sita. Mama yake, Feza, ndiye anayemdunga insulini asubuhi na magaribi. Feza ni wifi yangu, lakini kabla ya hapo ni ndugu yangu, binti wa mjomba wetu wa Kabambare. Tumechezea uwanja mmoja tukiwa wadogo. Mimi ninaishi nyumba ya nyuma katika uwanja huu huu, na ninafundisha biolojia sekondari. Kwa hiyo habari ya macho imenitia hofu haraka kuliko wengine. Ninajua sukari inavyokula macho.

2 Oktoba

Mvua. Nimesahihisha karatasi za kalasi ya tano mpaka shingo ikauma.

5 Oktoba

Nimemtuma Malaika aniletee kitenge cha kijani kilichokuwa kwenye kamba. Ameleta cha kahawia. Nimemwambia tena, akarudi kwenye kamba, akavishika vyote viwili na kuvikaribisha usoni, akasimama pale kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Mwisho akasema, "Shangazi, zote ziko sawa."

Halafu kunywa maji. Jagi zima, na baada ya muda anataka lingine, na chooni hatoki. Hizo ni dalili za sukari iliyopanda. Hakuna mtu wa kunidanganya juu ya hilo.

9 Oktoba

Nimemuuliza Feza. Alikuwa akipepeta mchele, hakuacha. Alisema anamdunga kama walivyomfundisha lopitali, hajawahi kuruka hata mara moja. Nikauliza kama anampima. Akasema vijiti vya kupimia vimekwisha tangu kiangazi, farmasi hawana. Nikamwambia basi anadunga kwa kukisia. Akaendelea kupepeta.

Insulini anaiweka ndani ya chungu kilichozikwa kwenye mchanga wenye maji, nyuma ya jiko, kivulini. Leo nimekuta kifuniko kiko pembeni. Joto likiingia mle, dawa inakufa, na mtoto anadungwa maji matupu. Nimekifunika mwenyewe. Feza ni mtu wa kutuliza mambo kwa kunyamaza, na sasa ninaona kunyamaza kwake ni kuficha uzembe.

11 Oktoba

Hakuna jipya. Barabara ya sokoni imekuwa matope.

15 Oktoba

Nimeongea na Iliasi. Nimemkuta dukani kwake, kati ya matairi na minyororo ya baiskeli, nikasubiri mteja atoke. Nikamweleza yote: ubao, rangi, maji, kifuniko cha chungu. Nilimweleza kama ninavyoeleza darasani, kitu baada ya kitu, na kila kitu kilikuwa kinaelekea kwa Feza. Iliasi hakusoma sana na siku zote ameniamini kuliko anavyojiamini. Aliniuliza swali moja tu, kama nina hakika.

Nikamwambia, "Mutoto anapofuka kwa sababu dawa haimufikie. Na dawa iko mukononi mwa mama yake."

Alifunga duka kabla ya adhuhuri.

16 Oktoba

Wamegombana tangu jana. Sijaingia kati.

19 Oktoba

Feza ameondoka leo asubuhi kurudi kwao Kabambare. Iliasi alimwambia aende apumzike mpaka mambo yatulie, lakini alimwambia mbele ya majirani, na kila mtu alielewa. Malaika amebaki kwa sababu ya masomo na kwa sababu lopitali iko huku.

Kabla ya kupanda pikipiki Feza alikuja kwangu, si kwa kaka. Akaanza kunieleza: mtoto akitoka jasho kabla ya kula nifanye hivi, akikataa uji nimpe kile, chungu kimwagiwe maji jua likipanda, nisikitikise kichupa. Nilimwambia ninajua. Alieleza mpaka mwisho hata hivyo, akiangalia chini. Malaika alimshika gauni, naye akamtoa vidole kimoja kimoja, taratibu, kama anamfungua kifungo. Mvua ilikuwa inanyesha na dereva alikuwa anapiga honi.

Nimefanya lililo lazima. Nimeliandika hapa ili nilisome siku nitakapolisahau.

25 Oktoba

Vijiti vya kupimia vimefika kutoka Kindu. Nimempima Malaika asubuhi na jioni. Sukari ni nzuri.

29 Oktoba

Sukari bado ni nzuri, siku zote hizi, na dawa ni ile ile iliyokuwa kwenye chungu cha Feza. Lakini maji anakunywa kama zamani, na leo amemwaga chai pembeni ya kikombe. Labda kipimo si sahihi. Labda madhara ni ya zamani na yanaendelea tu.

6 Novemba

Mvua imekatika wiki hii na jua limekuwa kali mno. Nimewaza juu ya ule mchanga. Abdallah, mwenye duka la vinywaji baridi karibu na msikiti, ana furigo ya umeme wa jua. Nimemwomba atuhifadhie chupa zetu mbili za insulini, ndizo zote tulizonazo mpaka mwaka mpya. Amekubali kwa moyo. Sasa kila asubuhi na magaribi ninakwenda na sindano, ninavuta kipimo, ninarudi. Nimejisikia vizuri. Chungu nimekiacha kikauke.

11 Novemba

Sukari imepanda. Nimeongeza kipimo kidogo.

13 Novemba

Imepanda zaidi. Nimeongeza tena. Malaika analalamika tumbo. Mvua imerudi.

15 Novemba

Ninaandika nikiwa kwenye benchi la lopitali, mchana.

Jana asubuhi Malaika alitapika uji, halafu akatapika maji, halafu akawa anatapika bila kitu. Kupumua kwake kulikuwa kwa nguvu na kwa haraka, kama mtu aliyetoka kukimbia, naye amelala. Pumzi yake ilinukia ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nilimwita, akafungua macho, hakunijibu. Iliasi alimbeba, nikakaa nyuma, mtoto kati yetu juu ya pikipiki, na mvua ikatupiga njia yote.

Muuguzi alipima sukari na mashini ikaandika tu kwamba imepita kiwango chake. Wakamtundikia maji, wakamdunga insulini yao. Halafu muuguzi akaomba kuona yetu. Nilikuwa nimeichukua kwa Abdallah, nikamkabidhi. Aliinyanyua dirishani, akaigeuza polepole. Ndani mlikuwa na vipande vyeupe vidogo, vikielea kama vumbi la unga.

Akauliza, "Hii iliganda?"

Iliasi alikwenda kwa Abdallah, akarudi. Abdallah, masikini, alikuwa amezisogeza chupa zetu juu, pale barafu inapotengenezwa, akifikiri dawa ya mgonjwa inastahili baridi kubwa kuliko soda. Alikuwa anazishusha mapema ziyeyuke, kila nilipokaribia kuja, ndiyo maana sikuona barafu.

Nimefundisha sura hii miaka yote. Insulini ni protini. Protini ni uzi uliokunjwa kwa namna moja tu, na kazi yake yote iko katika ule mkunjo. Uupashe moto sana au uugandishe, mkunjo unaharibika, nyuzi zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na hata ukirudisha joto lake la kwanza haurudi kama ulivyokuwa. Darasani ninatumia mfano wa yai la kuchemsha. Wanafunzi wanacheka, wanaandika. Nami siku hizi zote nilikuwa ninavuta mavi ya protini kwenye sindano, bila kuinua chupa kwenye mwanga, na kumdunga mtoto wa kaka yangu.

Feza alimdunga miaka sita kutoka kwenye kile chungu, na mtoto hajawahi kulala hapa hata usiku mmoja kwa sababu ya sukari.

Iliasi ameketi upande wa pili wa kitanda.

17 Novemba

Malaika ameamka vizuri, amekula. Ameuliza kama mama amefika. Iliasi alitoka nje.

20 Novemba

Wiki hii yuko daktari wa macho kutoka Bukavu, amekuja kupasua wazee wenye mtoto wa jicho. Anaitwa Dokta Rachelle, mwanamke mfupi wa sauti ya chini. Muuguzi alimwomba amtazame Malaika kabla hatujaruhusiwa. Nilimpa historia yote kwanza, kwa kujiamini bado, maana nilisema kwamba macho yameharibiwa na sukari ya muda mrefu.

Alitia dawa ya kupanua mboni, akasubiri, akaangalia kwa taa yake jicho la kulia, halafu la kushoto, halafu la kulia tena. Alichelewa sana. Akamtuma Malaika kwa muuguzi akaoshwe uso, akafunga mlango.

Akasema, "Mwalimu, sukari ikiharibu jicho, inaacha alama. Damu, madoa. Humu hakuna alama hata moja. Ile mutoto alitunzwa muzuri sana."

Nikauliza basi ni nini. Akasema ule mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo umepauka, katika macho yote mawili, unakufa wenyewe. Akauliza kama mtoto anakunywa maji mengi hata sukari ikiwa nzuri. Nikasema ndiyo. Akauliza kama anachanganya rangi. Ndiyo. Akauliza kama wazazi ni ndugu. Nikasema mama wa baba yake na baba wa mama yake ni dada na kaka. Akaketi.

Alisema hawezi kuapa, kwa sababu damu inatakiwa kupimwa mbali, nje ya nchi. Lakini ameshaona mtoto mmoja mwingine wa namna hii, na anafikiri ni ule ugonjwa unaoitwa Wolfram. Kwa kuwa mimi ni mtu wa biolojia, alinieleza bila kunipunguzia.

Kila seli ya mwili inakunja protini usiku na mchana, na kwa kila mtu, hata mwenye afya, nyingine zinatoka vibaya. Seli inatambua. Inapiga aina ya kengele ndani yake. Inapunguza kazi mpya kwanza, ili mzigo usiongezeke; inaleta protini nyingine za kusaidia kukunja upya zile zilizopotoka; zisizofaa kabisa inazivunjavunja na kuzitupa. Mzigo ukipungua, kengele inazimwa na maisha yanaendelea. Lakini kengele isipozimika, seli inafikia mahali inajiua, ili isiharibu jirani zake. Malaika amezaliwa na kasoro katika protini moja inayosaidia kutuliza hiyo kengele. Seli zake zinaishi katika taabu isiyoisha. Zile zinazofanya kazi nzito zinaanguka kwanza: seli za kutengeneza insulini, akiwa na miaka sita. Sasa mshipa wa macho. Ile sehemu ya ubongo inayozuia maji yasitoke mwilini, ndiyo sababu ya ile kiu. Baadaye labda masikio.

Niliuliza dawa. Kwa kiu ipo, ataitafuta Bukavu na kutuma. Kwa macho, watu wanatafuta bado. Hakuna anachoweza kuniandikia leo. Niliuliza ataendelea kuona mpaka lini. Akasema hajui, pengine miaka michache, na kila mwaka kidogo kuliko uliopita. Tusingoje kumfundisha kutumia mikono.

Halafu nikauliza kile nilichokuwa ninaogopa. Kama mama yake angefanya kitu kingine, macho yangeokolewa.

"Hapana," akasema. "Hakuna kitu mama alifanya, na hakuna kitu aliacha kufanya. Baba amemupa nusu ya kasoro, mama amemupa nusu. Wote wawili hawakujua. Mama njo yeye wa kushukuru hapa, si wa kulaumu."

Malaika alirudi na uso umelowa, mboni zake kubwa, akigusa ukuta.

21 Novemba

Nimemweleza Iliasi. Nilimweleza dukani, mahali pale pale, kwa sababu niliona ni haki nisimame pale. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika pedali ya baiskeli. Halafu akaniambia kwamba wiki mbili zilizopita alimtumia mjomba ujumbe wa talaka. Hakuniambia kwa sababu aliona aibu. Sasa anaona aibu nyingine.

Nilisema talaka moja inarudishwa. Akasema, "Maneno yangu naweza kurudisha. Yako nani atarudisha?"

Hakusema kwa hasira. Aliirudia ile pedali, akaanza kuifunga.

24 Novemba

Malaika amenisikia jana usiku nikiongea na baba yake. Nilidhani amelala. Leo, ninamsuka, akaniuliza kama ni kweli macho hayatapona. Sikuweza kumdanganya. Alilaza kichwa chake magotini mwangu, na nikaendelea kusuka.

Akasema, "Basi nipeleke kwa mama sasa. Bado naona kidogo. Nataka nione uso yake."

Nimehesabu tangu siku ile ya pikipiki na honi. Siwezi kuandika hesabu yenyewe. Mtoto ana akiba ya kuona, inapungua, na mimi ndiye niliyemmalizia sehemu yake kwa kumtenga na uso aliotaka kuutazama.

3 Desemba

Nimerudi kutoka Kabambare. Nilikwenda peke yangu, nione kwanza kama mlango uko wazi, na kwa sababu barabara isingefaa kwa mtoto aliyetoka lopitali. Matope mpaka magoti. Mimi na dereva wa pikipiki tulilala Lusangi kwa sababu kijito kilikuwa kimefurika, kwa mama mmoja anayepikia wachimbaji, na kesho yake tukavuka tukisukuma pikipiki.

Mjomba alinipokea kama mgeni, kwa kiti na maji. Feza alikuwa shambani kwa karanga. Nilimfuata. Aliponiona alinyooka haraka na kuuliza jambo moja tu, kama mtoto yuko hai. Nikasema yuko hai. Akainama tena, akaendelea kupalilia, na mimi nikamweleza nikitembea pembeni ya tuta lake. Nilianza na furigo. Sikutaka aisikie kwa mwingine. Pale kwenye barafu jembe lilisimama. Pale kwenye pikipiki na kutapika aliketi chini kwenye udongo mbichi.

Kisha nikamweleza ya dokta. Aliniuliza maswali mazuri, moja baada ya lingine. Kama ni yeye aliyempa kasoro hiyo. Nikasema yeye na Iliasi, nusu kwa nusu, na inaonekana imetoka juu zaidi, kwa bibi yetu au babu yetu.

"Basi hata weye unaweza kuwa nayo," akasema.

Nikasema ndiyo, hata mimi.

Akaitikia kwa kichwa. Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Lusangi na yote yalinitoka vibaya; nikasema tu kwamba nilikosa. Feza alikuwa anapangusa udongo kwenye vidole.

"Hidaya, tumekula sahani moja miye na weye. Ungeniuliza tu. Ungekuja jikoni, ukae siku moja, uone namna ninafanya. Weye ulikuja na jibu tayari."

Niliuliza kama atarudi. Akasema mtoto atamchukua, hata kesho. Nyumbani kwa kaka yangu harudi. Iliasi akija kumwona binti yake, atapata kiti na maji.

10 Desemba

Iliasi amekubali. Hakubishana hata kidogo. Mvua kila siku.

16 Desemba

Feza alifika jana juu ya pikipiki ya ndugu yake, nguo zote matope. Malaika alikuwa barazani. Alisikia sauti, akasimama, akanyoosha mikono mbele ingawa kulikuwa na mwanga wa kutosha. Feza alipiga magoti mbele yake akavua kilemba, na mtoto akaushika uso ule kwa mikono miwili, akausogeza kwake, akauangalia muda mrefu sana, upande mmoja, halafu mwingine. Iliasi alikuwa amesimama mlangoni. Sote tuliona kwamba hatukuwa na nafasi pale.

Leo wameondoka mapema, mvua ikiwa imepumzika. Dawa ya kiu kutoka Bukavu imefika kwa wakati, na insulini mpya tumeipata Kindu. Feza amezifunga mwenyewe kwenye nguo mbichi. Hakuniruhusu nishike, na sikuomba. Aliniaga kwa mkono.

22 Desemba

Shule zimefungwa. Uwanja uko kimya. Iliasi anakula dukani.

9 Januari

Kalasi ya tano imefika sura ya protini. Nimefundisha bila yai. Nimewaeleza ile kengele, na namna seli inavyopunguza kazi kwanza kabla ya kitu kingine chochote, inasimama, inatazama kilichoharibika. Msichana mmoja akauliza kwa nini isiendelee tu na kazi. Nilimjibu vizuri, nadhani. Baadaye nilikaa ndani ya darasa tupu.

17 Januari

Leo Malaika amepiga simu, mara ya kwanza. Mtandao wa Kabambare unakuja na kupotea, kwa hiyo nilitoka uwanjani. Alinihadithia kwamba anajifunza nyumba ya babu kwa mikono, anajua ngazi ya mlango na mahali pa mtungi, na mama anamfunga kitambaa machoni ili azoee, wanacheka. Sukari ni nzuri. Kiu imepungua. Rangi amebakiwa na nyeupe na nyeusi.

Nikakumbuka kwamba yeye sikumwomba msamaha. Nilikwenda mpaka shambani Kabambare kumwomba mama yake, na mtoto mwenyewe nilimsuka nywele tu. Nikamwambia, "Malaika, unisamehe."

Akasema, "Nini, shangazi?"

Nikarudia. Akasema hasikii. Sijui kama ulikuwa mtandao au masikio yake, yale dokta aliyoyataja. Nikasema kwa nguvu, halafu kwa nguvu zaidi, nimesimama katikati ya uwanja, jirani zetu wametoka milangoni, Iliasi amesimama na ndoo mkononi. Ndugu yangu, mwanangu, unisamehe, shangazi yako amekukosea. Upande wa pili kukawa na minong'ono, kisha sauti yake ikarudi, safi kabisa.

"Shangazi, sikukusikia muzuri. Mama anauliza kama umekula."

Nikasema bado.